Lipu ya saruji, tena!

Wiki hii mwenye nyumba wa tatu kaniambia: "Fundi, chokaa mambo ya kizamani. Nipigie saruji tumalize." Wa tatu! Basi naandika, mdomo umechoka.

Nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, kuta nene nusu mita na zaidi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko, mti unaobeba dari toka ukuta hadi ukuta, ni fupi. Hilo mnalijua, tupite.

Shida ni maji. Ukuta huu unakunywa ya ardhini, ya mvua, na siku hizi ya bomba la choo cha ghorofani, maana nyumba nyingi za ukoo mmoja ziligawiwa familia kadhaa baada ya Mapinduzi ya 1964. Kuandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2000 hakukuziba bomba hata moja. Ukishakunywa, ukuta huyatoa kwa jua na upepo, kama mtu atokavyo jasho. Lipu ya chokaa huyapitisha. Ya saruji huyafungia ndani. "Si ndiyo vizuri, unyevu usiingie?" Jamani! Unyevu umeshaingia, umepanda kutoka chini. Ukiuziba mlango wa kutokea, utapanda zaidi, na chumvi yake, mpaka ukute ncha za boriti zilizolala ukutani.

Nilimgongea huyo bwana ukuta wake kwa kidole, ukalia kama debe tupu. Nikatia patasi, bamba zima la saruji likadondoka, gumu, bila ufa. Nyuma yake udongo umekuwa tope, na ncha ya boriti naichota kwa mwiko. Naye: "Lakini saruji yenyewe si unaiona nzima?"

Nikiri na yangu. Chokaa huniangusha pia. Inataka kuzimwa kwa maji na kulowekwa wiki kadhaa, ipigwe tabaka jembamba, ikauke taratibu chini ya gunia bichi. Mwaka mmoja niliharakisha, masika yakanikuta, ikabanduka yote. Kuta za choo nimewahi kuichanganya na saruji kidogo, na hadi leo sijui kama nilikosea. Tena chokaa ya matumbawe huchomwa kwa kuni, nyingi mno. Tunaokoa mji kwa kumaliza miti na matumbawe, hesabu hiyo hainikai sawa.

Bwana kakubali nusu: nje chokaa, sebuleni saruji yake. Jumatatu naanza, ila kwanza napanda juu kwa jirani na spana, nikalione hilo bomba.