Kumiliki bunduki kwa ajili ya kujihami: maana yake na kiini cha ubishi

Kujihami ni kutumia nguvu kuzuia shambulio linalokukabili wewe au mtu mwingine. Karibu kila nchi inalitambua jambo hili katika sheria zake za jinai, na masharti yake yanafanana kuliko watu wengi wanavyodhani. Shambulio liwe la kweli, au uwe na sababu ya maana ya kuamini kwamba ni la kweli. Liwe linatokea sasa hivi au liko mlangoni, si la jana wala la wiki ijayo. Na nguvu unayotumia ilingane na hatari yenyewe. Mtu anayekujia na panga unaweza kumpiga kwa chochote kilicho karibu nawe, na hata akifa huenda usipatikane na hatia. Lakini akishakupa kisogo na kutimua mbio na simu yako, uhai wako hauko hatarini tena. Ukimfyatulia risasi ya mgongoni hapo hujihami, unaadhibu, na kazi ya kuadhibu si yako.

Kumiliki bunduki kwa ajili ya kujihami ni jambo jingine. Hilo ni swali la kabla ya shambulio: je, mtu aruhusiwe kuweka bastola nyumbani, au kutembea nayo kiunoni, kwa sababu huenda siku moja atavamiwa? Mijadala mingi huharibika kwa sababu maswali haya mawili yanabebwa kama moja. Anayepinga bastola huambiwa anataka watu wasio na hatia wachinjwe kimya kimya, na anayeitetea huambiwa ana kiu ya damu. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kuikubali haki ya kujihami kwa moyo wote na bado akakataa kwamba inazaa haki ya kuwa na bastola. Haki ya kutibiwa haimpi kila mgonjwa haki ya kuweka mofini, dawa kali ya maumivu, kabatini kwake.

Watetezi wana jibu, na si jibu jepesi. Wanasema haki isiyo na nyenzo ni maneno matupu. Sheria inaweza kumruhusu bibi wa miaka 70 kupambana na vijana wawili waliovunja mlango wake, lakini bila silaha ruhusa hiyo haimfai kitu. Bunduki ndiyo silaha pekee inayofuta tofauti ya misuli, umri na idadi. Polisi nao, hata wakiwa wepesi, mara nyingi hufika mambo yakiwa yameshaisha. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza kwa kusema tu “piga simu polisi” hajaijibu.

Nchi zimeyatenganisha maswali haya kila moja kwa namna yake. Uingereza inakubali kujihami, lakini kujihami si sababu inayokubalika ya kuomba leseni ya bunduki. Baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka 1996, ambamo watoto 16 na mwalimu wao waliuawa, bastola karibu zote zilipigwa marufuku mwaka uliofuata. Australia ilibana sheria zake mwaka huohuo wa 1996, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur. Huko mwindaji, mkulima au mlenga shabaha anaweza kupata leseni, ila anayesema anataka kujilinda hapati. Jamhuri ya Czech ilikwenda njia tofauti: mwaka 2021 iliingiza katika nyaraka zake za kikatiba haki ya mtu kutetea uhai kwa silaha, kwa masharti ya sheria.

Marekani ndiyo inayotajwa kila mara, ingawa msimamo wake wa sasa ni mpya kuliko unavyosimuliwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba yalipitishwa mwaka 1791 na yanataja wanamgambo pamoja na haki ya kubeba silaha. Lakini ni mwaka 2008 tu, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilipotamka wazi, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na kwamba inahusu kuwa na bastola nyumbani kwa ajili ya kujihami. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, haki hiyo ilivushwa mlango wa nyumba hadi barabarani. Miaka miwili baadaye mahakama hiyohiyo ilikubali, kwa kura 8 dhidi ya 1, kwamba mtu aliyewekewa zuio la mahakama kwa kumtishia mwenza wake anaweza kunyang’anywa silaha. Kwa hiyo hata pale ambapo haki hii ina nguvu kuliko kwingine kokote, haikosi mipaka.

Kuna suala dogo ambalo huchanganywa na hili, nalo ni wajibu wa kukimbia. Je, ukiweza kuondoka salama, ni lazima uondoke kabla ya kutumia nguvu ya kuua? Tangu kesi ya Semayne ya mwaka 1604 huko Uingereza, mahakama zilizorithi sheria za nchi hiyo zimeichukulia nyumba ya mtu kuwa ngome yake. Florida ilikwenda mbali zaidi mwaka 2005: popote unapostahili kuwapo, halazimiki mtu kurudi nyuma. Hilo linahusu matumizi ya nguvu, si umiliki, ila ni rahisi kuona kwa nini hoja hizi mbili hutembea pamoja.

Sasa tuje kwenye takwimu, ambako ubishi huwa mkali na umakini huwa mdogo. Mwaka 1995 wataalamu wa elimu ya uhalifu Gary Kleck na Marc Gertz walitangaza, kutokana na mahojiano ya simu na watu wapatao 5,000, kwamba Wamarekani hutumia bunduki kujihami zaidi ya mara milioni 2 kwa mwaka. Utafiti wa serikali kuhusu waathirika wa uhalifu umekuwa ukitoa makadirio ya makumi ya maelfu. Pengo hilo halitokani na uongo wa upande mmoja. Tukio likiwa la nadra, kosa dogo katika majibu huvimba kupita kiasi: asilimia 1 tu ya watu wazima wa Marekani wa wakati ule ni karibu watu milioni 2, kwa hiyo wachache waliokumbuka vibaya au kutia chumvi wangetosha kuvuruga hesabu nzima. Upande wa pili, utafiti wa serikali huwauliza kuhusu kujihami wale tu waliokwisha kusema kwamba walifanyiwa uhalifu, hivyo baadhi ya matukio huupita. Mimi nina wasiwasi na jambo jingine tena: takwimu zote hizi humwamini msimulizi. Katika ugomvi wa watu wawili, kila mmoja atakwambia yeye ndiye aliyekuwa anajihami.

Wanaopinga nao wana takwimu yao pendwa. Utafiti ulioongozwa na Arthur Kellermann, uliochapishwa mwaka 1993, ulikuta kwamba nyumba yenye bunduki ilihusishwa na hatari ya mauaji mara 2.7 ya ile isiyo nayo. Pingamizi lake linaeleweka haraka: anayetishiwa maisha ndiye anayekimbilia kununua bunduki, kwa hiyo huenda hatari ilitangulia na bunduki ikafuata.

Ninachokiona kizito zaidi kuliko hizo zote hakitajwi sana. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Utafiti wa California uliofuatilia watu wazima zaidi ya milioni 26, uliotolewa mwaka 2020, ulikuta kwamba wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa kujiua kwa risasi takriban mara 8 ya wasio nazo, na wanawake takriban mara 35. Anayejaribu kujiua kwa njia nyingine mara nyingi huokolewa. Kwa bunduki ni wachache sana wanaopona. Tunapobishana, adui tunayemwazia ni mgeni dirishani, kumbe katika vifo hivyo vingi hapakuwa na mgeni yeyote.

Huyo mgeni mwenyewe tumwangalie kwa karibu. Ni saa 9 usiku, kioo kimevunjwa. Bastola iko kwenye sefu na risasi zimewekwa kando, kama wakufunzi wa usalama wanavyoshauri. Mwenye nyumba anapapasa gizani, anakosea tarakimu, anafungua, anachomeka magazini, anakoki, kisha anapaswa kutambua kama anayetembea ukumbini ni mwizi au ni mwanawe aliyechelewa kurudi. Ili kuokoa sekunde hizo, wengine huiweka chini ya mto ikiwa na risasi tayari, na hapo inakuwa tayari hata kwa mtoto wa miaka 4. Kesi ya Heller iligusa jambo hilihili: jiji la Washington lilitaka bunduki za nyumbani zitolewe risasi na zifunguliwe vipandevipande au zifungwe kufuli kwenye kifyatulio, na mahakama ikasema bunduki ya namna hiyo haiwezi kumlinda mtu. Kwa mantiki ya kujihami, mahakama ilikuwa sahihi. Kwa mantiki ya mtoto, jiji ndilo lililokuwa sahihi.

Afrika Kusini imejaribu kusimama katikati. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya mwaka 2000 kinaruhusu leseni ya kujihami, silaha moja tu kwa mtu, na mwombaji lazima aonyeshe kwamba anaihitaji na kwamba hawezi kukidhi haja hiyo kwa njia nyingine ya busara. Hapo kauli ya “nina haki” haitoshi. Unaulizwa hatari gani, na kwa nini mbwa, king’ora au mlango wa chuma havitoshi. Mwaka 2021 serikali ilitoa rasimu ya muswada wa kukiondoa kujihami katika orodha ya sababu za leseni, na maoni ya kuipinga yakamiminika. Wapingaji walisema polisi hawafiki. Waliounga mkono walitaja bastola zenye leseni zinazoibwa kwa wenyewe na kuishia mikononi mwa majambazi walewale.