Ishirini na moja ya watu wawili: nani agawe karata?

Kazi yangu ni kugawa karata kasino, na marafiki huniuliza kama ishirini na moja, yaani blackjack, inachezeka nyumbani watu wawili tu. Inachezeka, tena vizuri. Hata kasino kila mchezaji hupambana na mgawaji peke yake. Waliokaa pembeni yake hawamhusu. Tatizo la nyumbani ni nani awe mgawaji.

Kanuni ni chache. Jozi moja ya karata 52. Mfalme, malkia na ghulamu ni 10, ree ni 1 au 11, nyingine kwa namba zake. Mchezaji anaweka dau, kila mtu anapata karata mbili, na moja ya mgawaji inafunuliwa. Mchezaji anaongeza karata mpaka aridhike, akitaka kuikaribia 21 kuliko mgawaji bila kuivuka. Mgawaji hana hiari: chini ya 17 anaongeza, akifika 17 anasimama.

Wengi hudhani hapo nguvu ni sawa kwa sawa, maana wote wanaifukuzia 21. Wapi! Mchezaji hutangulia, na akivuka 21 dau linaliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye angevuka. Tuseme unamwiga mgawaji, unaongeza mpaka 17. Kila mmoja wenu angevuka karibu mara 28 katika 100, na zile mara 8 hivi ambazo mngevuka wote wawili, anayekula ni mgawaji. Afueni yako ni 21 ya karata mbili, ambayo hulipwa kete 3 kwa dau la kete 2. Bado utapoteza kete 5 hadi 6 katika kila 100.

Kwa hiyo mmoja asigawe usiku kucha. Desturi ya zamani humhamishia ugawaji mchezaji aliyepata 21 ya karata mbili, lakini hiyo huja karibu mara moja katika raundi 21. Kwa watu wawili ni kusubiri mno. Mimi hupendelea nusu ya jozi. Zikishatumika karata 26 hivi, kama raundi tano, changeni upya na mbadilishane. Asiyegawa ndiye akate.

Mchezaji naye ana silaha: ile karata ya mgawaji iliyo wazi. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani walichapisha hesabu ya mchezo huu, waliyoifanya kwa mashine za kujumlisha za mezani, na kiini chake hakijabadilika. Mgawaji akionyesha 4, 5 au 6, nawe una 12 au zaidi bila ree, simama. Akiwa na 6 huvuka karibu mara 42 katika 100. Akionyesha 7 kwenda juu, ongeza mpaka ufike 17, hata kama roho inakataa. Na mimi najua inavyokataa ukiwa na 16.

Jambo la mwisho ni sare. Nyumba nyingine humpa mgawaji. Kataeni: sare hutokea karibu mara 9 katika raundi 100, na dau lirudi kwa mwenyewe.