Jelikoti ya epoksi kwenye karakana yenye baridi

Jelikoti ya epoksi ni tabaka la kwanza linalopakwa ndani ya kalibu kabla ya kulaza faibaglasi. Kitu kikishatolewa, tabaka hilo ndilo uso wake wa nje. Ni epoksi iliyofanywa nzito isichuruzike kwenye kuta za kalibu, na hupakwa unene wa nusu milimita hivi.

Haikauki kama rangi ya maji. Hugumu kwa sababu sehemu zake mbili zinazochanganywa, resini (utomvu wenyewe) na hadina (kigumishi), huungana kikemikali, na baridi huchelewesha kazi hiyo. Kwa makadirio ya mafundi, joto likishuka nyuzi 10 za Sentigredi, muda huongezeka maradufu: iliyoshika kwa saa 2 kwenye nyuzi 20 itataka kama saa 4 kwenye nyuzi 10. Chini ya hapo hadina nyingi za kawaida karibu zinagoma kabisa.

Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kuongeza hadina. Mazoea hayo yanatoka kwenye poliesta, aina nyingine ya resini ya faibaglasi, ambayo kichocheo chake huweza kupandishwa kidogo baridi ikizidi. Hadina ya epoksi si kichocheo. Ni sehemu ya plastiki yenyewe. Uwiano ukiwa 100 kwa 30 kwa uzito, gramu 200 za resini zinataka gramu 60 za hadina, kuwe na joto au baridi. Ziada hukosa cha kuungana nacho, na uso hubaki dhaifu.

Dawa ni joto. Weka makopo mahali penye nyuzi 20 hadi 25 tangu jana yake, maana resini baridi hushika viputo na haichanganyiki vizuri pembezoni mwa chombo. Ikiwa na ukungu au chembechembe, ipashe kwenye maji ya moto, nyuzi 50 hivi, hadi iwe angavu, kisha ipoe kabla ya kutia hadina. Pasha na kalibu pia, la sivyo jelikoti itapoa mara inapoigusa. Tumia hita ya umeme: jiko la gesi au mafuta ya taa humwaga mvuke na kabonidioksaidi, ambavyo hukutana na hadina na kuacha utando kama nta. Utando huo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na dodoki gumu. Kuufuta kwa thina huusambaza tu.

Laza faibaglasi jelikoti ikiwa bado inanata lakini haiachi alama kidoleni. Usiipime kwa saa.