"Check": neno lenye maana nyingi na mzizi mmoja

Kijana anayemwambia mwenzake "nicheki kesho" hajui kwamba amemtaja mfalme wa Uajemi.

Fungua kamusi ya Kiingereza kwenye neno "check" uone safu ya maana zake: kukagua, kuzuia, alama ya vema, hundi, bili ya mgahawani kwa Wamarekani, kitambaa cha mirabaraba, na ile hatari anayotiwa mfalme katika mchezo wa sataranji. Wengi tulizikariri shuleni moja moja, kana kwamba ni maneno mbalimbali yaliyofanana sura kwa bahati tu. Nasikitika kila nikiona zinafundishwa hivyo hadi leo, maana zote zina mama mmoja, naye ni ile maana ya sataranji.

Mchezo wenyewe ulianzia India, ukiitwa kwa Kisanskriti chaturanga, yaani vikosi vinne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakaupokea, na Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7 wakaupokea nao, wakauita shatranji. Sisi wa pwani tukapata "sataranji" kutoka huko huko. Wazungu wa Ulaya magharibi walishika neno jingine. Walilolisikia mezani ni sauti ya mchezaji anayemwonya mwenzake kuwa mfalme wake yuko hatarini: "Shah!" Ni Kiajemi hicho, maana yake mfalme, na ndiyo "shaha" yetu, cheo ambacho washairi wa Kiswahili humpa gwiji wao. Kilatini kikaligeuza kuwa scaccus, Kifaransa cha kale kikasema eschec, Waingereza wakabaki na "check". Hata "chess", jina lao la mchezo huo, asili yake ni wingi wa neno hilo hilo.

Na "checkmate"? Ni shah mat. Waarabu walisikia "mfalme amekufa", na hata sikio la Mswahili husikia humo "mauti" na "maiti". Lakini kwa Kiajemi mat ni aliyeduwaa, aliyekosa la kufanya, na naona hiyo ndiyo inayolingana na mchezo, kwa kuwa mfalme wa sataranji hauawi kamwe. Huzingirwa tu akakosa pa kwenda.

Sasa tazama maana zinavyozaana. Mfalme akitiwa "check", mchezo wote husimama: huruhusiwi kufanya jambo jingine mpaka umnusuru. Hapo ndipo ilipotoka maana ya kuzuia. Anayezuia huwa mlangoni, humsimamisha mpitaji na kumtazama, na kuzuia kukazaa kukagua. Alama ya vema ni ile anayoiweka mkaguzi akisharidhika.

Upande wa fedha una kisa ninachokipenda kuliko vyote. Katika karne ya 12 mfalme wa Uingereza alikuwa na ofisi ya kuhesabu mapato iliyoitwa Exchequer. Richard FitzNigel, mweka hazina wa mfalme Henry II, ameeleza kwa maandishi meza yake ilivyokuwa: urefu kama futi 10, upana futi 5, kingo zimeinuliwa kiasi cha vidole vinne ili kitu kisidondoke, na juu yake kitambaa cheusi chenye mistari. Walihesabu kwa kusogeza kete juu ya kitambaa hicho, safu ya peni, safu ya shilingi, safu ya pauni, hata asiyejua kusoma akaona kwa macho yake nani anadaiwa nini. Meza ilifanana na ubao wa sataranji, nayo ikaitwa kwa jina la ubao huo. FitzNigel aliongeza kwamba hapo pia palikuwa na vita: mweka hazina upande huu, na upande ule ofisa wa mfalme aliyekusanya kodi wilayani. Kenya hadi leo akaunti ya serikali iliyoko Benki Kuu huitwa National Exchequer Account.

Hundi ilikuja baadaye sana. Katika karne ya 18 "check" kilikuwa kile kishina kinachobaki kitabuni, cha kulinganisha ili karatasi isighushiwe. Polepole jina likahamia kwenye karatasi yenyewe. Waingereza wakaanza kuiandika "cheque" kwa kuvutwa na "exchequer". Wamarekani wakabaki na "check". Mirabaraba haihitaji maelezo marefu: ni ubao wa sataranji juu ya nguo.

Kuujua mzizi huu kunamsaidia sana mfasiri. Katika mazungumzo ya katiba Wamarekani husema "checks and balances", na nimeona ikifasiriwa kuwa ukaguzi na mizania, tafsiri isiyomwambia msomaji kitu. Hiyo ni "check" ya kuzuia: Bunge, mahakama na rais kila mmoja anaweza kumsimamisha mwenzake asivuke mpaka wake. Rais hukataa kutia saini muswada, Bunge huupitisha tena kwa theluthi mbili katika kila baraza, mahakama huitangua sheria inayokiuka katiba. Kudhibitiana ndilo neno letu. Vivyo hivyo, anayeambiwa azitie hasira zake "in check" hatakiwi kuzikagua, anatakiwa azizuie.

"Cheki" yetu ya mtaani imechukua upande mmoja tu wa neno, ule wa kutazama, kisha ikautanua. "Nicheki" ni nitafute, nipigie. "Tunacheki mpira" ni tumekaa tunautazama, na hapo hakuna anayezuiwa wala anayekaguliwa.