Je, wajua kwa nini programu ya bakapu (nakala za akiba) iliyozoea Linux hugoma ikifika OpenBSD, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta?

Mvua za Mbeya huja na radi zake. Moja ilipiga karibu na ghala la ushirika mmoja wa kahawa kule Mbozi, na kompyuta yenye daftari zima la wakulima, kilo walizoleta na malipo wanayodai, ikanyamaza. Bakapu ilikuwepo, tena nzuri tu: kwenye flashi, ndani ya droo ya meza ileile. Ndipo nikaombwa niweke seva ya bakapu mjini, nami nikachagua OpenBSD. Kijana ninayefanya naye kazi Mwanjelwa akauliza: "Kaka, si programu huria hii? Msimbo tunao. Kwa nini tusiichukue ya Linux tukaiweka hivyohivyo?"

Msimbo tunao, ila umelelewa na mfumo mwingine.

OpenBSD ilianzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt, akiwa Kanada, baada ya kutengana na wenzake wa NetBSD, mfumo mwingine wa aina hiyo. Hata kama hujawahi kuisikia, huenda kazi yao umeshaitumia: OpenSSH, ambayo mafundi huingilia kwenye seva za mbali, ilitoka kwao mwaka 1999. Ni watu wakali, na ukali wao umo ndani ya mfumo.

Chukua kumbukumbu ya kompyuta. Programu huomba kipande, hukitumia, hukirudisha. Programu yenye kosa huweza kukirudisha kisha ikakisoma tena, kama mpangaji aliyehama anayerudi na ufunguo wa zamani kuchukua sufuria. Kwenye Linux mara nyingi sufuria atalikuta, na hakuna atakayejua. OpenBSD kipande kikirudishwa hukimwagia takataka, baiti 0xdf mfululizo. Programu inaanguka. Ukichungulia mabaki yake ukakuta anwani imeandikwa dfdfdfdf, umeshajua ugonjwa. Wengi hulaumu OpenBSD hapo, na mimi nawapinga: kosa lilikuwepo tangu huko lilikotoka. Kwa programu ya bakapu, afadhali ianguke leo kuliko kuandika data mbovu kimyakimya, uje kuligundua siku ya kurejesha.

Halafu kuna kinga iitwayo pledge, iliyokuja na toleo la 5.9 mwaka 2016. Dereva wa lori pale Tunduma hutaja mzigo kabla ya kuvuka. Akikutwa na usiotajwa, ana kesi. Programu nayo hutaja mapema: nitasoma faili, nitatumia mtandao. Ikijaribu jambo ambalo haikulitaja, kiini cha mfumo huiua papo hapo. Mwaka 2018 ikaongezwa unveil, ambayo programu huitumia kutaja folda itakazozigusa. Nyingine zote kwake zinakuwa kama hazipo. Programu isiyotumia viwili hivi haibanwi navyo, kwa hiyo anayeihamisha ndiye huamua kama atavitia kwa kiraka, yaani kwa kurekebisha msimbo wake.

Na hapa ndipo bakapu inapokuwa mgeni msumbufu kuliko wote. Kivinjari unaweza kukifungia folda moja ya kupakulia mafaili. Bakapu kazi yake ni kuingia kila chumba! Kuihamisha ni kujadiliana nayo: soma kila kitu, sawa, lakini uandike kwenye ghala lako tu. Bora zaidi ni kuigawa, upande unaoongea na mtandao usiwe ndio unaoshika mafaili.

Mengine ni madogo lakini yanakera. Mfumo wa mafaili wa OpenBSD hauna zile orodha za ziada za ruhusa ambazo Linux inazo, basi msimbo unaozishughulikia unarukwa. Go, lugha ya kuandikia programu, nayo ilizoea kuongea na kiini moja kwa moja. OpenBSD inataka upitie maktaba yake ya lugha ya C, na Go ikatii kwenye toleo la 1.16 mwaka 2021. Restic, programu ya bakapu, imeandikwa kwa Go. Kwa bahati, restic na mwenzake Borg zote mbili watu walishazihamisha, zimo kwenye folda ya OpenBSD ya /usr/ports/sysutils, unaziweka kwa amri ya pkg_add.

Kilichobaki kwetu kilikuwa programu ndogo ya C ya kupeleka ripoti ya kila usiku. Kijana akaitia pledge mwenyewe, akaiendesha. "Abort trap," yaani imeuawa. Tukafungua daftari la matukio la mfumo, mstari mmoja tu: pledge "dns", syscall 97. Namba 97 ni ombi la kufungua soketi, mlango wa mtandao. Alikuwa ametaja mtandao, akasahau kutaja kwamba atauliza jina la seva. Akaongeza neno moja, ikapita.

Jumamosi tukarejesha daftari la Mbozi kwenye kompyuta tupu, likarudi zima. Sasa kazi ni kumshawishi katibu aitoe ile flashi kwenye droo.