Kabla hujaikata puta yako

Mteja aliingia karakana na puta, ile fimbo ya gofu ya kusukumia (kuputi) mpira shimoni, ya inchi 35, akailaza mezani, akasema: "Fundi, toa inchi mbili." Nikamwuliza kwa nini mbili. Akanijibu kwamba mwenzake anayecheza naye ameona kwenye video wachezaji wa kulipwa wanatumia fupi.

Nilimwomba aputi mipira mitano kwanza. Nikapiga magoti pembeni nitazame chini ya kichwa cha puta. Kisigino cha kichwa, yaani upande ulio karibu na mchezaji, kiligusa zulia; ncha, upande wa mbali, ikawa hewani kiasi cha kupitisha sarafu mbili zilizobebana. Soli, yaani chini ya kichwa, nayo ilikuwa imeshatoa ushahidi kabla yangu: upande wa kisigino umechubuka hadi chuma kung'aa, upande wa ncha rangi bado ya dukani. Basi puta ilikuwa ndefu kweli, hilo sikubishana naye. Tulichobishana ni hizo inchi mbili.

Puta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na inchi 33, 34 au 35, na watu hununua kwa kuangalia kimo chao. Mimi kimo sikitilii maanani sana. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuhitaji puta zinazopishana inchi mbili, kwa sababu mmoja anainama sana na mwenzake anasimama kama askari wa gwaride, au mmoja ana mikono mirefu. Ninachopima ni umbali wa kutoka sakafuni hadi viganjani mwake akiwa ameshasimama anavyosimama siku zote, mabega yamelegea, mikono imening'inia yenyewe. Ukimwambia mtu "simama vizuri nikupime," umeshaharibu kipimo. Namwacha aputi huku tukizungumza mambo mengine, napima akiwa amesahau.

Kisha macho. Nampa mpira wa pili, namwambia aushike katikati ya macho, juu ya pua, auachie udondoke. Ukiangukia juu ya mpira ulioko chini, au upana wa mpira mmoja ndani kuelekea miguuni, niko radhi. Wa mteja huyu uliangukia mbali, karibu na vidole vya viatu. Puta ndefu humsukuma mtu nyuma, mpira unakuwa mbali na macho, na ule mstari wa kwenda shimoni anauona kwa pembeni.

Hapa ndipo watu wengi hulaumu kitu kisichostahili lawama. Utasikia kwamba ncha ikiinuka, mpira wa anayecheza kwa mkono wa kulia unakwenda kushoto. Ni kweli, lakini kwa kiasi gani? Uso wa puta, yaani upande unaopiga mpira, umelalia nyuma kidogo; huo ndio mwinuko wake, nyuzi 3 au 4 hivi. Kwa mwinuko wa nyuzi 3, ncha ikiinuka nyuzi 4, uso unageuka takriban nyuzi 0.2 tu. Kwa puti ya mita 3 hiyo ni kama sentimita moja, na shimo lina upana wa milimita 108. Sentimita hiyo peke yake haikukoseshi. Lakini macho yakikudanganya ukaulenga uso nje kwa nyuzi 1 tu, kwa mita hizo hizo 3 mpira unapotea zaidi ya sentimita 5, yaani karibu nusu ya shimo. Kwa hiyo nikifupisha puta, nia yangu kubwa ni kuyarudisha macho mahali pake. Ncha kulala chini ni faida ya ziada.

Sasa turudi kwenye inchi mbili. Puta yake ilitengenezwa kwa mlalo wa nyuzi 70, yaani soli ikilala sawasawa, mpini unasimama nyuzi 70 kutoka ardhini. Yeye alikuwa anaushika ukiwa kwenye nyuzi 66. Viganja vyake visipopanda wala kushuka, puta ikatoka inchi 35 ikawa 34, mpini unasimama nyuzi 70 na kidogo. Ncha imekaa chini, kazi imekwisha. Ningemtii nikakata mbili, mpini ungefika karibu nyuzi 76, na sasa kisigino ndicho kingekuwa hewani, kwa zaidi ya kile alichokuja kulalamikia. Ingemlazimu ainame aitafute puta, na mgongo wake una maoni yake kuhusu jambo hilo. Nusu inchi kwenye puta si kitu kidogo. Hubadilisha mlalo kwa nyuzi 2 hivi.

Uzito ndio nilioupuuza nilipokuwa najifunza. Puta ya kwanza niliyoikata ilikuwa yangu mwenyewe, inchi mbili kwa mkupuo mmoja, bila kupima lolote. Kesho yake kila puti ndefu iliishia njiani. Kichwa kilikuwa kilekile, gramu zilezile, lakini kilikuwa kimesogea karibu na mikono, nikawa nahisi kama nimeshika kijiti. Sikuwa na pa kuzirudisha zile inchi. Ndiyo sababu kiwandani puta fupi hupewa kichwa kizito zaidi, mara nyingi kama gramu 10 kwa kila inchi inayopungua. Ukikata mwenyewe, ziongeze: kwa skrubu nzito zaidi za kwenye soli kama puta yako inazo, au kwa tepu ya madini ya risasi chini ya kichwa, mbali na uso. Mimi huanza na gramu 10 kwa inchi, na wengine hutaka hadi 20 ndipo waseme sasa imerudi. Bandika nusu ncha, nusu kisigino, usije ukahamisha kitovu cha uso bila kujua.

Jaribio langu halina gharama. Shika puta chini kidogo ya kawaida, zungushia tepu ya karatasi pale mkono wa juu unapoishia, cheza hivyo majuma mawili. Ukiona kichwa kimekuwa chepesi, usijifariji kwamba ni kwa sababu ya kushika chini. Ukikata itakuwa karibu hivyohivyo. Kasoro ya jaribio hili ni moja: gripu, yaani mpira wa kushikia, za puta nyingi hupungua unene kuelekea chini, kwa hiyo utakuwa unashika sehemu nyembamba. Hilo litajirekebisha gripu ikivishwa upya.

Kukata kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Pasua gripu ya zamani kwa kisu ukielekeza makali mbali nawe, kwangua gundi yote. Mpini wa chuma unakatwa kwa kikata bomba, ukikizungusha taratibu na kukaza kidogo kila mzunguko. Wa kaboni usiuguse na kikata bomba, kitaubana na kuzipasua nyuzinyuzi zake. Uzungushie tepu, tumia msumeno wa meno madogo. Kumbuka pia kifuniko cha juu cha gripu kina unene wake, kama milimita 3, na urefu wa puta unapimwa mpaka juu ya gripu, si mpaka mwisho wa chuma.

Kuvisha gripu ndiko kunakonichukua muda. Gripu ya puta ina upande bapa wa kuweka vidole gumba, na ubapa huo lazima ukae nyuzi 90 kamili na uso wa puta. Ukipinda hata kidogo, vidole vitaufuata, na mikono itageuza uso bila mwenye puta kujua. Naibana puta kwenye jiliwa, nasimama juu yake jicho moja nimelifumba, nazungusha gripu kidogo kidogo tepu ya gundi iliyo chini yake ikiwa bado imelowa. Nimewahi kuletewa puta "mbovu" iliyokuwa na kosa hilo tu.

Kurefusha kunawezekana pia: kipande cha kuunganishia huingizwa juu ya mpini kwa gundi ya epoksi. Inchi moja sina neno, mbili nafanya nikinung'unika. Anayetaka zaidi ya hapo anunue puta nyingine.

Kanuni za gofu hazikubani sana. Puta isipungue inchi 18, na ukomo wa inchi 48 unaozihusu fimbo nyingine hauigusi. Mpini lazima ulale angalau nyuzi 10 kutoka wima, ndiyo maana huwezi kuisimamisha kama nguzo. Tangu 2016 mwisho wa puta hauruhusiwi kuegemezwa mwilini wakati wa kupiga. Adam Scott, mchezaji wa kulipwa wa Australia, alishinda mashindano ya Masters ya 2013 kwa puta ndefu aliyoiegemeza kifuani, na baada ya katazo aliendelea na puta ndefu akiiachanisha na kifua. Zile puta za kurefusha na kufupisha kwa ufunguo zinakubalika, mradi usizibadilishe katikati ya raundi kisha ukapiga nazo. Adhabu ya hilo ni kuondolewa mashindanoni.

Mteja wangu aliondoka na puta yake nzima, tepu ya karatasi imezungushwa kwenye gripu, na uso wa mtu aliyeona kapotezewa muda. Alirudi baada ya wiki tatu. Tepu ilikuwa imepandishwa kidogo kutoka nilipoiweka. Nikapima: robo tatu ya inchi. Nikakata hiyo, nikabandika gramu 8 chini ya kichwa, naye akaomba kile kipande cha mpini akakitia mfukoni.