Je, wajua kwa nini mlima ukipata joto aina za viazi zinapungua?

Majuzi nilikuwa Kongowea nanunua viazi vya karai, nikamuuliza muuzaji hivi ni aina gani, akanitazama kama nimemuuliza jina la babu yake. "Shangi. Kwani kuna vingine?" Viko bwana, ama tuseme vilikuweko vingi zaidi: Tigoni, Asante, Kerr's Pink, Dutch Robijn, waulize wazee wa bara watakwambia. Sasa mbona sokoni siku hizi ni Shangi tu?

Tuanze na kwa nini hapa Mombasa hatulimi viazi. Si udongo tu. Kiazi kinataka usiku wa baridi ndio kijae huko chini, usiku ukizidi kama digrii 20 mmea unakupa majani mazuri ajabu lakini ukichimba hamna kitu cha maana, na usiku wetu wa mwezi wa tatu nyinyi wenyewe mwaujua, feni haizimwi. Kinangop, huko bara wanakolima viazi, iko kama mita 2,500 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka digrii 6 hivi, kwa hivo huko watu wanalala na blanketi mbili na viazi vinanenepa.

Haya, dunia ikipata joto, digrii 1 tu, ile baridi iliyokuwa shambani kwako sasa iko kama mita 150 juu yako. Mkulima si aifuate? Aifuate, lakini mlima ni kama pilau kwenye sinia, chini pana, juu pamesongana, kila ukipanda nafasi inapungua, na huko milima ya Aberdare ukipanda sana unagonga msitu wa serikali. Zile aina zilizozoea baridi kali kabisa ndizo zinaumia zaidi, manake zilikuwa juu tayari, hazina pa kwenda tena.

Alafu kuna mvua. Zamani mkulima alijua msimu unaanza lini, leo mvua inachelewa, ikija inamwagika yote kwa wiki mbili, inakatika. Mtu akishapoteza mavuno mara mbili hatataka tena kiazi cha kungojea miezi minne, atapanda Shangi, ambacho kinakomaa upesi, miezi mitatu hivi, na kinachipua haraka kwa hivo mbegu haikosekani. Na sisi wala chipsi tunakipenda kwa sababu kinaiva haraka, kwa hivo msimlaumu mkulima peke yake. Shida ni kwamba Shangi kikipigwa na ule ugonjwa wa ukungu, blaiti, hakina ubavu, na kama mtaa mzima umepanda hicho hicho basi wote mnalia siku moja. Ireland walipanda karibu aina moja, ukungu huo huo ukawaingilia mwaka 1845, watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi.

Kuna kitu kinachanganya hapa lakini. Huko juu joto likiongezeka mazao mengine yanaingia, mahindi na avokado vinaota mahali ambapo zamani baridi ilivikataa, kwa hivo mtu akihesabu mazao anaweza kusema mbona yameongezeka. Yameongezeka ndio, lakini ndani ya kila zao aina zinapungua, na hizo ndizo akiba yenyewe. Aina moja inavumilia ukame, nyingine blaiti, nyingine jalidi, na huwezi kujua mwaka kesho utaihitaji ipi.

Kwao kiazi hasa ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na kituo cha utafiti wa viazi cha CIP, kilichoko Lima, Peru, tangu 1971, kinahifadhi aina maelfu. Akiba nzuri, lakini mbegu ikikaa kwenye baridi ya stoo haijifunzi kitu, hali ya hewa inabadilika nje na yenyewe imelala. Ndio maana mwaka 2004 CIP ikakubaliana na wakulima wa Kiquechua, wenyeji wa Andes, wa Parque de la Papa (yaani Hifadhi ya Viazi), karibu na Pisac huko huko Peru, iwarudishie aina zilizokuwa zimepotea mashambani kwao. Sasa wanazipanda kwenye miinuko tofauti ya mlima mmoja, wanaangalia ipi inaishi wapi, na ile iliyoshindwa chini inapandishwa juu kidogo msimu unaofuata.